Tibet: Reli imefika, sauti ya wenyeji bado

JULAI 1, 2006, aliyekuwa Rais wa China, Hu Jintao, alizindua reli ya kwanza kufika Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Reli hiyo, yenye urefu wa kilometa 1,956 kutoka mji wa Xining, hupita katika mlima wa Tanggula kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 5,000 kutoka usawa wa bahari, na mabehewa yake huongezewa hewa ya oksijeni ili abiria wasizidiwe. Serikali ya Beijing iliitangaza kuwa ishara ya ustawi ulioufikia mkoa uliokuwa miongoni mwa maeneo maskini kabisa duniani.

Machi 14, 2008, ikiwa ni miezi 20 tu tangu treni ya kwanza iwasili, moshi ulitanda katikati ya Lhasa. Maduka ya wafanyabiashara wa Kichina na Waislamu wa kabila la Hui yalichomwa moto, magari yakapinduliwa na watu wakauawa. Serikali ilisema raia 18 na askari polisi mmoja walipoteza maisha mikononi mwa wafanya fujo. Serikali ya Watibeti walioko uhamishoni nchini India ilisema zaidi ya Watibeti 200 waliuawa na vyombo vya dola, huko Lhasa na katika miji mingine ambako maandamano yalisambaa.

Matukio hayo mawili ndiyo yanayobeba mjadala wote wa Tibet. Iwapo barabara, umeme, hospitali na reli vimefika, kwa nini wenyeji waandamane? Na iwapo wenyeji wanaandamana, je, maendeleo hayo ni ya nani?

Neno moja, maana mbili

Sehemu ya ubishi huanzia kwenye jina lenyewe. Beijing inapotaja Tibet humaanisha Mkoa Unaojiendesha wa Tibet, ulioundwa rasmi Septemba 1965. Mkoa huo una ukubwa wa takribani kilometa za mraba milioni 1.2, hivyo unaizidi Tanzania kwa eneo, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu wapatao milioni 3.6 tu. Kati ya kila watu 100, zaidi ya 85 ni Watibeti.

Watibeti walioko uhamishoni hutumia jina hilo kwa maana pana zaidi. Kwao Tibet ni nyanda zote za juu wanamokaa watu wa lugha na dini yao, yakiwamo maeneo ya Kham na Amdo ambayo leo yako katika mikoa ya Qinghai, Sichuan, Gansu na Yunnan. Zaidi ya nusu ya Watibeti wapatao milioni saba walioko China wanaishi katika maeneo hayo, nje ya mkoa unaobeba jina lao. Ndiyo maana takwimu za pande hizo mbili mara nyingi hazikutani.

Umuhimu wa nyanda hizo hauko katika dini na siasa pekee. Mito ya Mekong, Yangtze, Indus, Brahmaputra, Salween na Mto Manjano yote huanzia huko, na mamia ya mamilioni ya watu wa Asia huyategemea maji yake.

Historia inayosomwa kwa miwani miwili

China hudai kuwa Tibet imekuwa sehemu yake tangu karne ya 13, Wamongolia wa ukoo wa Yuan walipoitawala China na Tibet kwa pamoja. Huongeza kuwa tangu karne ya 18 wafalme wa ukoo wa Qing waliweka wawakilishi wao mjini Lhasa, na kwamba hakuna dola kubwa iliyowahi kuitambua Tibet kuwa nchi huru.

Watibeti hujibu kwa kurudi nyuma zaidi. Katika karne ya saba na ya nane Tibet ilikuwa dola yenye nguvu, na mwaka 821 hadi 822 ilifunga mkataba wa amani na China ambao maneno yake yalichongwa katika nguzo ya jiwe mjini Lhasa. Uhusiano wa baadaye na Wamongolia na Waqing, wanasema, ulikuwa wa kiongozi wa dini na mlinzi wake, wala haukuwa wa mtawala na mtawaliwa. Ukoo wa Qing ulipoanguka, Dalai Lama wa 13 alitangaza mwaka 1913 kuwa nchi yake inajitawala. Tangu hapo hadi mwaka 1950 Tibet ilikuwa na serikali, jeshi, sarafu na stempu zake.

Kilichomaliza kipindi hicho ni bunduki. Oktoba 1950, mwaka mmoja baada ya Wakomunisti kushika madaraka Beijing, Jeshi la Ukombozi wa Watu liliyashinda majeshi machache ya Tibet katika eneo la Chamdo. Mei 23, 1951, wajumbe wa Tibet walitia saini mjini Beijing makubaliano ya vipengele 17. Makubaliano hayo yaliirejesha Tibet katika kile kilichoitwa familia kubwa ya taifa la China, lakini yaliahidi kuwa mfumo wa utawala wa Tibet na hadhi ya Dalai Lama havingeguswa, na kwamba mageuzi yasingelazimishwa.

Ahadi hiyo haikudumu. Katika maeneo ya mashariki, ambayo Beijing ilisema hayakuhusika na makubaliano, mageuzi ya ardhi yalizusha uasi kuanzia mwaka 1956, na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, likawasaidia waasi kwa silaha na mafunzo. Machi 10, 1959 wananchi wa Lhasa waliizingira kasri ya Dalai Lama wakihofia kuwa angekamatwa. Wiki moja baadaye kiongozi huyo, akiwa na umri wa miaka 23, alitoroka usiku kuelekea India. Watu wapatao 80,000 walimfuata, na uasi ukazimwa kwa nguvu.

Tibet ya kale haikuwa pepo

Watetezi wa China husema, na wana msingi wa kusema hivyo, kwamba Tibet ya kabla ya 1951 haikuwa nchi ya amani na usawa kama inavyochorwa na baadhi ya wapenzi wake wa nchi za Magharibi. Ardhi ilikuwa mikononi mwa serikali, makabaila na nyumba za watawa. Wakulima wengi walizaliwa wakiwa wamefungwa kwenye shamba la bwana fulani, na walilazimika kumfanyia kazi bila ujira. Shule za kisasa na hospitali zilikuwa chache mno.

Beijing huwaita watu hao wakulima watumwa, na husema walikuwa asilimia 95 ya wananchi wote. Tangu mwaka 2009 Machi 28 huadhimishwa mkoani humo kuwa siku ya ukombozi wao. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu hiyo, wala juu ya iwapo neno utumwa linaifaa hali iliyokuwapo, lakini ni wachache wanaokana kuwa mfumo huo ulikuwa wa dhuluma. Dalai Lama mwenyewe amekiri mara nyingi kuwa nchi yake ilihitaji mageuzi.

Hata hivyo, kuhitaji mageuzi ni jambo moja, na nani ayafanye ni jambo jingine. Mwaka 1962 Panchen Lama wa 10, kiongozi wa pili kwa heshima katika dini hiyo na aliyebaki China wakati Dalai Lama alipokimbia, aliiandikia serikali waraka mrefu akieleza njaa na kukamatwa kwa watu ovyo. Alisema kati ya nyumba za watawa zaidi ya 2,500 zilizokuwapo, zilizosalia ni kama 70 tu. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Utamaduni, ambayo kwa kawaida ndiyo hulaumiwa kwa uharibifu wote. Malipo ya waraka huo yalikuwa kuvuliwa madaraka na miaka mingi ya kifungo.

Mei 1980, Hu Yaobang, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa Chama cha Kikomunisti, alizuru Lhasa na kukiri hadharani kuwa chama kilikuwa kimeshindwa kuinua maisha ya Watibeti. Aliamuru wakulima na wafugaji wasamehewe kodi kwa muda na maofisa wa Kichina wapunguzwe ili wenyeji wachukue nafasi zao. Nyumba za watawa zikaanza kujengwa upya. Kipindi hicho cha nafuu kilikoma baada ya maandamano ya mwaka 1987 hadi 1989, na Machi 1989 Lhasa iliwekwa chini ya sheria ya kijeshi. Katibu wa chama mkoani humo wakati huo alikuwa Hu Jintao, yule yule aliyekuja kuzindua reli.

Hoja ya Beijing: Tumbo kwanza

Mwaka 1991 China ilitoa waraka wake wa kwanza kuhusu haki za binadamu, na humo ikaeleza kuwa haki ya kwanza ya mwanadamu ni ya kuweza kuishi, yaani kula, kuvaa na kupata makazi. Bila hiyo, ulisema waraka huo, haki nyingine haziwezi kuzungumzwa. Tibet ndipo mahali ambapo hoja hiyo hutumiwa kwa nguvu kuliko pengine popote.

Takwimu za serikali si haba. Wastani wa umri wa kuishi, ambao Beijing husema ulikuwa miaka 35.5 katika miaka ya 1950, ulifikia miaka 72 mwaka 2021. Kati ya mwaka 1952 na 2013 serikali kuu ilipeleka mkoani humo ruzuku ya yuan bilioni 544.6, sawa na asilimia 95 ya matumizi yote ya serikali ya mkoa. Mwishoni mwa mwaka 2019 wilaya zote 74 za mkoa huo zilitangazwa kuwa zimetoka katika orodha ya umaskini uliokithiri. Reli nyingine, ya kilometa 435 kutoka Lhasa hadi Nyingchi, ilifunguliwa mwaka 2021. Julai 2025 ulianza ujenzi wa bwawa la umeme katika Mto Yarlung Tsangpo litakalogharimu yuan trilioni 1.2, mradi unaotazamwa kwa wasiwasi na India na Bangladesh zilizoko chini ya mto huo.

Kwa Wachina wengi wa kawaida, hesabu hizo hufunga mjadala. Wao huona kuwa taifa limetoa fedha nyingi kwa watu wachache, na lililopokea kwa malipo ni mawe na moto wa mwaka 2008.

Fedha nyingi, kauli chache

Lakini hesabu hizo hizo zina upande wa pili. Mkoa unaotegemea serikali kuu kwa shilingi 95 katika kila 100 inazotumia hauna nguvu ya kuamua lolote. Mchumi Andrew Fischer, aliyeuchunguza uchumi wa Tibet kwa miaka mingi, ameeleza kuwa sehemu kubwa ya ruzuku huingia katika ujenzi na utawala, kisha hurudi ilikotoka kupitia makampuni na mafundi wa nje ya mkoa. Katika mji ambao lugha ya ofisi, zabuni na biashara ni Kichina, mwenyeji aliyekulia kwenye shayiri na mifugo huanza mbio akiwa nyuma.

Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa mkoa huo ndio ulioongoza China nzima kwa idadi ya wasiojua kusoma na kuandika kwa kulinganisha na idadi ya wakazi wake, licha ya miaka 60 ya ruzuku.

Katika siasa, mwenyekiti wa serikali ya mkoa ni Mtibeti, lakini mwenye kauli ya mwisho ni katibu wa Chama cha Kikomunisti. Tangu mwaka 1951 hakuna Mtibeti aliyewahi kushika nafasi hiyo. Picha za Dalai Lama zimepigwa marufuku tangu katikati ya miaka ya 1990, nyumba za watawa zina kamati zinazosimamiwa na serikali, na kupata hati ya kusafiria ni kazi ngumu kwa Mtibeti wa kawaida. Kati ya mwaka 2009 na miaka iliyofuata zaidi ya Watibeti 150, wengi wao vijana na watawa, walijichoma moto kwa kupinga hali hiyo. Beijing iliwalaumu wafuasi wa Dalai Lama kwa kuwachochea, madai ambayo kiongozi huyo aliyakana.

Suala la lugha ndilo linalogusa familia nyingi zaidi. Katiba ya China, katika kifungu cha 4, inatoa uhuru kwa kila taifa la nchi hiyo kutumia na kukuza lugha yake. Tashi Wangchuk, mwenye duka katika mji wa Yushu, aliposema mwaka 2015 mbele ya kamera za gazeti la New York Times kuwa anataka watoto wafundishwe Kitibeti ipasavyo, hakudai uhuru wa nchi. Alidai kile kilichoandikwa katika katiba. Alikamatwa Januari 2016 na kufungwa miaka mitano kwa kosa la kuchochea utengano. Februari 2023 wataalamu watatu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuwa watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja wametenganishwa na familia zao katika shule za bweni zinazofundisha hasa kwa Kichina. Beijing ilikanusha, ikisema shule hizo ni za hiari na huwasaidia watoto wa maeneo yenye watu waliotawanyika.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa wazazi hao, swali ni iwapo mtu aliyekombolewa kutoka kwa kabaila wa kale amekuwa huru kweli, ikiwa mtoto wake hawezi tena kuzungumza na bibi yake.

Wachina nao wanabishana

Ni kosa kudhani kuwa mjadala huu ni wa Wachina upande mmoja na Watibeti upande mwingine. Mwaka 2002 jarida la New Left Review la London lilichapisha makala ya mwandishi wa Kichina Wang Lixiong, aliyekosoa siasa za Beijing lakini akadai kuwa wakulima wengi wa Kitibeti walishiriki kwa hiari kubomoa mahekalu enzi za Mao. Mwanahistoria wa Kitibeti, Tsering Shakya, alimjibu katika toleo lililofuata kuwa hata wasomi wa Kichina wenye nia njema huwatazama Watibeti kwa jicho la mkoloni, ambaye humwona mtawaliwa kama asiye na akili ya kujiamulia. Hoja hiyo si ngeni Afrika Mashariki, ambako Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria na bado wakaombwa kuondoka. China huikataa kabisa hoja hiyo ya ukoloni, ikisema nchi haiwezi kujitawala yenyewe kikoloni, na kwamba yenyewe ilionewa na mabeberu kwa karne nzima.

Baada ya vurugu za 2008, kikundi cha wanasheria na watafiti wa Beijing kilichojulikana kama Gongmeng kilituma watu katika maeneo ya Watibeti kuchunguza chanzo. Ripoti yao ya mwaka 2009 haikuunga mkono maelezo kuwa kila kitu kilipangwa kutoka uhamishoni. Ilisema kasi ya maendeleo iliwaacha wenyeji pembeni, vijana walikosa kazi na mwelekeo, na baadhi ya maofisa walitumia kilio cha utengano kuficha makosa yao ya uongozi. Julai mwaka huo serikali ilikifunga kikundi hicho, ikitaja sababu za kodi.

Mwenge wapita Dar es Salaam

Afrika haikuepuka mjadala huo. Aprili 13, 2008, mwezi mmoja baada ya vurugu za Lhasa, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulikimbizwa Dar es Salaam, kituo pekee barani Afrika. Ulitoka stesheni ya Tazara kuelekea uwanja mpya wa taifa, vyote vikiwa vimejengwa kwa msaada wa China. Tofauti na London na Paris, ambako waandamanaji walijaribu kuuzima, Dar es Salaam ilikuwa tulivu. Lakini Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alijitoa katika mbio hizo kwa sababu za haki za binadamu.

Oktoba 2011 Askofu Mkuu Desmond Tutu alitimiza miaka 80 bila mgeni aliyemwalika, kwa kuwa Dalai Lama hakupata viza ya Afrika Kusini kwa wakati. Tutu aliishambulia serikali ya chama alichokitetea enzi za ubaguzi wa rangi. Serikali nyingi za Afrika hutambua kuwa Tibet ni sehemu ya China, na zina kumbukumbu za msaada uliokuja wakati wengine walikataa, ikiwamo reli ya Tazara yenye kilometa 1,860.

Katika bara hili pia hoja ya maendeleo kwanza ilitumiwa na watawala wengi wa chama kimoja. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye aliongoza kwa mfumo huo, alikataa katika waraka wake wa mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Kwake, watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na hilo haliwezekani bila wao kushiriki kuamua.

Nani atamchagua mtoto?

Dalai Lama aliacha kudai uhuru kamili tangu miaka ya 1980. Alichodai ni mamlaka ya kweli ya ndani katika elimu, dini, lugha na mazingira, huku ulinzi na mambo ya nje vikibaki Beijing. Wajumbe wake walikutana na maofisa wa China mara tisa kati ya mwaka 2002 na 2010 bila mafanikio, kwa kuwa China iliyaita madai hayo uhuru uliovikwa joho. Baadhi ya vijana walioko uhamishoni nao walimlaumu kwa kudai kidogo mno. Mwaka 2011 aliachia madaraka yake ya kisiasa kwa kiongozi anayechaguliwa kwa kura.

Julai 2, 2025, siku nne kabla ya kutimiza miaka 90, alitangaza kuwa cheo chake kitaendelea baada yake na kwamba taasisi yake pekee ndiyo itakayomtambua mtoto atakayemrithi. Beijing ilijibu kuwa mrithi lazima aidhinishwe na serikali kuu, na apatikane kwa kura ya chombo cha dhahabu, utaratibu ulioletwa na mfalme wa Qing mwaka 1793.

Dalili ya yatakayotokea ipo tayari. Mei 1995 Dalai Lama alimtaja mvulana wa miaka sita, Gedhun Choekyi Nyima, kuwa Panchen Lama wa 11. Siku chache baadaye mtoto huyo na wazazi wake walichukuliwa na serikali, na Beijing ikamweka mtoto mwingine katika nafasi hiyo. Tangu hapo hajaonekana hadharani. Mwaka 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilisema amehitimu chuo, ana kazi, na hapendi kusumbuliwa.

Elimu na kazi ndivyo Beijing ilivyowaahidi Watibeti wote. Kauli yake mwenyewe juu ya maisha hayo haijasikika.